Majembe Yaliyotangulia Kanisani

Kama kuna mtu aliyependa haki ionekane kwa macho, ni Frednand wa kitongoji cha Rusenyi, kule Nemba. Alikuwa na ufito wake wa mwanzi, mrefu kama hatua tatu za mtu mzima, na kila palipoitishwa msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ya kitongoji, yeye ndiye aliyewapimia watu. Kila kaya fito tatu. Mwenye ng'ombe themanini fito tatu, mjane fito tatu, na yeye Mwenyekiti fito tatu, tena zake alizipima mbele ya watu wote na kuchomeka kijiti chake mwenyewe. Watu walimheshimu kwa hilo. Mkewe, Koleta, alikuwa akimtania kwamba ipo siku ataleta ule ufito jikoni apime mikungu ya ndizi, naye alicheka, maana utani huo ulimpendeza.

Baba yake alikuwa katekista aliyetoka Ngara kwa baiskeli, na sanduku la vitabu vya sala limefungwa nyuma, miaka ile bonde lote likiwa pori. Frednand alirithi kwake shamba la migomba, benchi la mbele kanisani na imani kwamba Mungu hapendi mtu mvivu. Mwenyekiti wa kigango miaka kumi na tisa, mwenyekiti wa kitongoji miaka kumi. Padri huja Rusenyi mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada huendeshwa na katekista, na baada ya matangazo Frednand husimama na kuongea kuhusu kazi. Alikuwa na maneno yake aliyoyapenda: kwamba anayelima vizuri anasali kwa mikono, na kwamba barabara ya wote ni sadaka sawa na ile inayopelekwa altareni. Aliyasema vizuri mno. Sitamnyima hilo, kwa sababu ndilo lililomfanya aumbuke zaidi.

Jambo lenyewe lilianza na Teddy, binti yake. Teddy alichumbiwa na Ndassa, kijana wa Kisukuma wa ng'ambo ya bonde, na Frednand hakuwa na neno. Wasukuma walikuwa majirani wa miaka mingi, na baba wa kijana, Mzee Shibuda, alikuwa mtu wa maneno machache na mashamba safi. Kasoro ilikuwa moja tu: nyumba ile ilikuwa ya Wasabato, na Shibuda mwenyewe ni mzee wa kanisa lao. Frednand alijipa moyo kwamba kijana atavutwa polepole aje upande huu. Kwa ukoo wake, binti anapotolewa, baba humkabidhi jembe jipya lenye mpini aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo akachonga. Wiki mbili nzima aliukwangua ule mpini kwa kipande cha chupa mpaka ukateleza kama sabuni, kisha karibu na kichwa cha jembe akachora msalaba mdogo kwa ncha ya kisu.

Mwezi mmoja kabla ya harusi akapata habari kwamba Teddy amebatizwa upya, amezamishwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, sasa ni Msabato. Aliyempa habari ni mwuza dagaa, gulioni, huku anampimia dagaa. Sijui kilichomkata maini zaidi ni ubatizo au ni yule mwuza dagaa, lakini alirudi nyumbani bila dagaa. Harusini hakwenda. Jembe alilichomeka kwenye paa la jiko, juu, katikati ya moshi. Baada ya miezi michache akaona halipo. Hakuuliza, na Koleta hakusema.

Hayo yalikuwa na mwaka na ushei ilipoamuliwa kwamba bonde la Kagoma litiwe tuta. Bonde hilo ndilo linalotutenga na barabara kubwa. Masika pikipiki haipiti, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Biharamulo hubebwa kwa machela watu wakiwa ndani ya matope hadi magotini. Kila mtu alilitaka lile tuta. Mapema Januari Frednand akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kigango, akatangaza kwamba msaragambo utafanyika Jumamosi.

Watu wakatazamana. Miaka yote msaragambo ulikuwa Jumatano.

"Jumatano ni siku ya gulio," alieleza. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kwa miaka kumi na haikuwa imemsumbua hata siku moja.

Mzee Shibuda akasimama, akavua kofia. "Mwenyekiti, mkwe wangu. Jumatano tulikuwa tunakuja wote, na sisi hatujawahi kuchelewa. Jumamosi tuko ibadani. Tupe Ijumaa, au hata hiyo Jumapili, fungu letu tutalimaliza wenyewe. Balabala ni ya wote."

"Kazi ya umma haina dhehebu, Mzee Shibuda," Frednand akajibu. Ile 'mkwe' aliiacha ipite kama hakuisikia. "Nikiwapa ninyi siku yenu, kesho Walutheri watataka yao, na wale wa matambiko watasubiri mwezi uwe mchanga. Jumamosi. Na sheria mnaijua: atakayeacha fungu lake mpaka jua linazama, jembe lake linakamatwa hadi alimalize."

Watu walicheka kwa ule mwezi mchanga. Shibuda akavaa kofia yake akakaa. Jinsi mtu atakavyomaliza fungu lake bila jembe hakuna aliyeuliza. Sheria ilikuwa ya zamani, na haikuwa imetumika zaidi ya mara mbili.

Ijumaa Frednand akashuka bondeni na ufito wake kupima. Kawaida mafungu yalifuata mpangilio wa nyumba. Safari hii aliwapanga watu wengine kuanzia kingo mbili za bonde, na zile kaya tisa za Wasabato akaziweka pamoja katikati kabisa, kwenye tope zito, fito ishirini na saba mfululizo. Alijiambia anarahisisha usimamizi. Moyoni alijua anataka nini: alitaka pengo lionekane. Alitaka kila atakayepita aone kwa macho yake ni akina nani walioacha kazi ya umma, na labda binti mmoja apite, aone, afikirie.

Jumamosi watu walijitokeza vizuri. Tuta likainuka kutoka kando hii na kando ile, na katikati pakabaki wazi. Mchana nyimbo zikaanza kusikika kutoka kanisa la ng'ambo, na waliokuwa wanachimba wakapunguza maongezi, kama watu wanaokula huku mwenzao anatazama. Saa nane Frednand akamwita Rogasian, mgambo wa kitongoji, akamwambia akakusanye majembe.

"Jua bado, Mwenyekiti," Rogasian alisema.

"Nenda sasa, wako ibadani. Wakirudi kutakuwa na maneno."

Kwa hiyo hata sheria yake mwenyewe aliivunja, yeye aliyekuwa akipima kila kitu. Rogasian aliingia nyua tisa zisizo na watu, akatoa majembe nyuma ya milango, akarudi nayo yamefungwa kwa mpira kwenye baiskeli. Kitongoji hakina ofisi, basi Frednand akafungua stoo ya kigango, ile yenye mlango unaotazama altare, wanamoweka mabenchi mabovu, na kuyapanga ukutani moja moja. La sita au la saba, kidole gumba kikagusa kitu kwenye mpini kabla jicho halijaona. Kilikuwa kile kimsalaba.

Ingemchukua nini kuliweka kando moja tu, akamrudishia Koleta kimyakimya? Lakini angelitenga hilo, ingekuwa upendeleo, na Frednand hakuwa mtu wa upendeleo, au ndivyo alivyojiambia. Akaliegemeza ukutani na mengine, akafunga, akatia ufunguo mfukoni.

Wiki ile haikuwa nzuri. Jumanne ikanyesha mvua kubwa, na maji ya bonde, yaliyokuwa yamezoea kutambaa kwa upana wake wote, yakakuta yamezibwa kulia na kushoto, yakakimbilia pale katikati palipo wazi. Asubuhi pengo la fito ishirini na saba lilikuwa pengo la fito arobaini. Maji yalikuwa yameyala matuta ya pande zote mbili, na fungu la Frednand mwenyewe lilikwenda lote, kijiti na vyote. Alisimama kingoni akitazama. Alikuwa amejenga mtego wa maji na kuuita barabara.

Palizi nayo haikungoja. Upande wa ng'ambo watu walikuwa wanaazimana majembe. Ng'washi, mjane aliyekuwa na jembe moja tu duniani, alionekana akipalilia maharage kwa panga, amechuchumaa. Na kwa Frednand, kila asubuhi jembe la Koleta halikuwapo nyuma ya mlango, na kila jioni lilirudi limeoshwa.

"Jembe lako liko wapi?" alimuuliza siku ya tatu.

"Limeazimwa."

"Na nani?"

"Na mwenye shamba lenye majani," Koleta akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumsuta, lakini mwanaume alijikaza. Kurudisha majembe bila fungu kumalizwa ilikuwa ni kusema amekosea, na kusema amekosea kungeleta swali la kwa nini, na kwa nini yenyewe ilikuwa na jina la mtoto wake.

Sasa, Januari hiyohiyo ndiyo yenye wiki ya kuombea umoja wa Wakristo. Parokia ilikuwa imetuma barua kwa vigango vyote: Jumapili ya padri, baada ya Misa, waalikwe majirani wa makanisa mengine, kuwe na sala ya pamoja na baraka ya mbegu na majembe ya masika. Frednand alizisaini barua za mwaliko na kuzigonga muhuri wa kigango. Ile ya Mzee Shibuda aliisaini kwa utulivu kabisa, akijua hawatakuja.

Walikuja. Misa ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na Frednand alikuwa amepokea Komunyo kama kawaida yake, wa kwanza kwenye foleni, hatua nne kutoka ule mlango wa stoo. Alipogeuka akawaona wanaingia: Walutheri wachache, na nyuma yao Wasabato wote wa kaya tisa, wamevaa nguo zao za Jumamosi. Wakakaa kwenye mabenchi ya nyuma. Teddy alipita karibu yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba," alijibu, macho yakiwa kwenye paa.

Padri Anastazi alikuwa kijana mwenye furaha nyingi, mgeni katika parokia, hajui hata nusu ya mambo ya Rusenyi. Aliongea kifupi. Alisema Wakristo wamezoea kuombea umoja wakiwa wamekaa, wakati umoja wenyewe hufanywa na watu waliosimama, wameshika kitu kimoja. Alisema jembe halina dhehebu. Frednand aliposikia neno hilo, lililokuwa karibu kabisa na lake la mkutanoni, alihisi shingo inapata joto.

Watu wakaitwa mbele na mbegu na majembe. Wakatoliki wakajipanga, majembe begani. Walutheri wakaja na yao. Wasabato wakaja na vibakuli vya mahindi na choroko, mikono mingine mitupu, wakasimama mstari mmoja. Padri akawatazama, akatabasamu.

"Karibuni sana. Na ninyi majembe yenu yako wapi?"

Frednand aliona vichwa vinaelekea kwake, kisha vinageuka haraka kutazama chini, kwa adabu, na adabu ile ilimchoma. Alijua wote wanajua. Angetamani ardhi ipasuke immeze na benchi lake la mbele.

Mzee Shibuda akavua kofia. Angeweza kusema chochote. Angesema neno moja tu, mbele ya padri na mbele ya wageni, na lingekuwa la haki.

"Yapo, Padri," alisema taratibu. "Sisi tumechelewa tu. Yenyewe yalitangulia. Mkwe wangu ametutunzia humo ndani."

Akaonyesha mlango wa stoo kwa kofia yake.

"Ooh!" Padri akasema, na uso wake ukang'aa. "Mwenyekiti! Kumbe mlijipanga! Fungua basi."

Frednand akainuka. Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Akatoa jembe la kwanza, akalipeleka kwa mwenyewe, akarudi, akatoa la pili. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua kama ingekuwa msaada au dharau. La Ng'washi lilikuwa limeisha hadi kubaki kama kijiko kikubwa. Mjane akalipokea kwa mikono yote miwili, akasema asante Mwenyekiti, na alimaanisha. Safari tisa kutoka stoo hadi mstarini, na kila safari ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

La mwisho lilikuwa lenye kimsalaba. Teddy alikuwa mwisho wa mstari. Frednand alipomfikia akiwa na lile jembe mkononi, wote wawili wakatambua wanafanya nini: baba anamkabidhi binti jembe mbele ya watu. Ni ile desturi aliyoikataa, sasa anaifanya kwa nguvu ya aibu, miezi kumi na sita baadaye, kwa jembe alilomwibia. Teddy akapiga goti kama inavyotakiwa, akalipokea. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Nyuma, Koleta alijifunika uso kwa kanga.

"Tazameni," Padri Anastazi akasema kwa sauti ya shangwe, "tazameni mambo haya! Sisi tunaandika barua za umoja, na huyu mzee amewatunzia ndugu zake majembe ndani ya nyumba ya Mungu ili yabarikiwe pamoja na yetu. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Walipiga makofi ya taratibu, ya kufuata amri. Frednand alisimama katikati ya makofi yale, mikono mitupu, na hakusema kitu. Hilo ndilo asilojisamehe mpaka leo. Kukamata majembe alikamata kwa hasira, na hasira mtu anaweza kuieleza. Kupokea makofi yale alipokea akiwa na akili timamu.

Baada ya baraka padri alikula kwake, ndizi na maharage na kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Padri aliongea sana. Alisema atalisimulia jambo hili parokiani Jumapili ijayo, na kama Mwenyekiti ana nafasi, aje mwenyewe aeleze lilivyomjia wazo. Koleta alikuwa anamimina maji ya kunawa. Akamtazama mumewe mara moja, akaenda zake jikoni.

Alimsindikiza padri hadi kwenye pikipiki. Padri alikuwa ameshavaa kofia ngumu, ameshapiga stata, Frednand alipomshika mkono.

"Padri, zima kidogo."

Akazima.

"Sikuyatunza. Niliyakamata. Nilimtuma mgambo akayachukua majumbani wakiwa ibadani. Na Jumamosi niliipanga mimi, makusudi, kwa ajili ya binti yangu. Nikapokea Komunyo yakiwa mle ndani." Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika. "Nisamehe, Padri. Nimekufanya useme uongo altareni."

Padri Anastazi akavua kofia ngumu. Uso wake ulikuwa umepoteza furaha yote, na bila ile furaha alionekana mtoto mdogo.

"Mimi umenidanganya kwa saa tatu," alisema hatimaye. "Hilo tutalimaliza kwenye kitubio, ukija. Lakini wale wamekaa nalo siku nane, na bado yule mzee akakufunika nguo mbele yangu. Ukiishia kuniambia mimi, Mwenyekiti, utakuwa umepita njia ya mkato. Waambie wao."

Akaondoka. Vumbi likatulia, na Frednand alikuwa bado amesimama palepale.

Kaya nyingine zilizosombewa mafungu zilikwisha kuyarudia. Wasabato walikwishasema watalifanya fungu lao Ijumaa, na Ijumaa wakashuka bondeni alfajiri, maana lazima wamalize kabla ya jua kuzama, Sabato yao inapoanza. Frednand akashuka na jembe lake na ufito. Walipomwona wakadhani amekuja kusimamia. Rogasian mgambo alikuwepo pia, ametumwa na mazoea tu.

Frednand akaweka ufito chini.

"Nina neno," akasema. Alikuwa amelipanga usiku kucha, kama mahubiri yake, na sasa hakuna hata sentensi moja iliyobaki kichwani. "Jumatano niliihamisha kwa sababu ya Teddy. Si gulio. Nilitaka muonekane wabaya. Nikawaweka katikati ili pengo lionekane, na maji yamepita hapo, yamekula kazi ya watu wote. Majembe niliyachukua jua likiwa juu. Na Jumapili nikapigiwa makofi. Nimeona aibu. Sina la kuongeza."

Ng'washi ndiye aliyesema, akiwa amejiegemeza kwenye lile jembe lake lililoisha.

"Hayo tuliyajua, Mwenyekiti. Nyumba zote zilijua."

Hakusema kwa ukali. Frednand alitamani angesema kwa ukali.

"Nipimieni fungu," akasema. "Langu lilisombwa. Nipimieni jingine, popote."

Mzee Shibuda akaokota ule ufito, akaugeuza mkononi, kisha akampa Teddy. Teddy alitembea hadi pale katikati ya tope, palipokuwa na kina kuliko pote, akapima fito tatu. Hakupunguza, hakuzidisha. Akachomeka kijiti, akarudi kwenye fungu lake.

Akachimba. Ana miaka sitini na mitatu, na tope lile lilikuwa linashika jembe na kulivuta kama linamdai. Alipandisha udongo, ukateremka, akapandisha tena. Mchana Koleta alileta uji kwa wote, akamwekea kikombe chake juu ya tuta na kwenda. Kufikia saa kumi na moja wengine walikuwa wamemaliza, na pengo lote lilikuwa limefungwa isipokuwa hapo kwake, ufito mmoja mzima. Ndassa akateremka kumsaidia. Frednand akamzuia kwa mkono.

"Mkwe," Shibuda akamwita, akitazama magharibi. "Jua linatuondokea."

"Nendeni. Nendeni msichelewe kwa Mungu wenu." Akasita. "Kwa Mungu wetu."

Wakaondoka mmoja mmoja, majembe begani. Jua likazama nyuma ya migomba na ufito mmoja ulikuwa wazi, maji yakipita ndani yake taratibu. Rogasian alikuwa amesimama kando, hajui aweke wapi macho. Frednand akapanda kutoka kwenye tope, akalifuta jembe lake kwa majani, akamnyooshea.

"Fungu langu halijaisha, na jua limezama. Chukua."

"Mwenyekiti, acha mambo hayo."

"Chukua, Rogasian. Kwa wale ulikwenda jua likiwa juu." Akatoa na ufunguo. "Liweke stoo. Na ufunguo huu baki nao wewe."

Usiku ule alilala kidogo. Jumamosi asubuhi akateremka bondeni na beleshi bovu la kuteka mchanga, lenye ufa, alilolikuta nyuma ya zizi la mbuzi, maana jembe la Koleta aliona haya hata kuliomba. Alipanga kumaliza kabla watu wa ng'ambo hawajatoka ibadani, wasimkute.

Kwenye fungu lake, pembeni ya kile kijiti, palikuwa pamechomekwa jembe. Lilikuwa limeoshwa, limesimama wima kwenye udongo mkavu ambako mtu angelifikia bila kukanyaga tope. Hakuhitaji kusogea kuona ule msalaba mdogo karibu na kichwa. Wenyewe leo hawalimi.

Frednand aliliweka lile beleshi chini. Alikaa kwenye tuta kwa muda, mikono kwenye magoti, akalia kama mtu mzima anavyolia asipoonekana. Halafu akalichomoa jembe la binti yake, akaingia kwenye tope. Nyimbo zilipoanza ng'ambo, alikuwa amebakiza hatua moja.